Wanunuzi Wasiojua Jina Lako: Mwongozo kwa Kampuni za Programu za Maduka ya Mtandaoni

Septemba 2019 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya Volusion, kampuni ya Austin, Texas, inayowauzia wafanyabiashara programu ya kuendeshea maduka mtandaoni. Hawakuhangaika kuvamia duka moja moja. Walichomeka msimbo wao mahali ambapo kampuni yenyewe ilikuwa ikiusambaza kwenye kurasa za malipo za wateja wake, na tangu hapo mnunuzi aliyeandika namba ya kadi katika mojawapo ya maelfu ya maduka hayo alikuwa akiipeleka kwa mwenye duka na kwa mwizi kwa pamoja. Aliyegundua, mwezi Oktoba, ni mtafiti wa nje.

Kama unatengeneza programu ya namna hiyo, iwe Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Goma, anzia hapo kufikiri. Mfanyabiashara anayekulipa ada kila mwezi alikuchagua mwenyewe. Mnunuzi wake hakukuchagua, na pengine hatalisikia jina lako maisha yake yote. Hata hivyo namba yake ya simu, mtaa anaoishi na vitu alivyonunua vimo kwenye seva zako. Huyu mtu asiyekujua ndiye unayepaswa kumweka mbele kila unapofanya uamuzi wa usalama, kwa sababu yeye hana namna yoyote ya kujikinga na uzembe wako.

Punguza kabla ya kulinda

Kabla hujanunua kifaa chochote cha ulinzi, kaeni na timu yako muorodheshe kila aina ya taarifa mnayohifadhi, mahali ilipo na kazi yake. Msiorodheshe kwa kukumbuka. Fungueni mfumo, jedwali kwa jedwali, folda kwa folda. Mtakuta nakala ya hifadhidata iliyotolewa kwa ajili ya majaribio na haikufutwa. Mtakuta faili la Excel lenye oda za mwaka mzima ambalo mteja mmoja aliliomba, likabaki kwenye folda inayofunguka kwa yeyote mwenye kiungo. Mtakuta picha za vitambulisho mlizokusanya wakati wa kusajili wauzaji, ambazo hakuna aliyezitazama tena.

Zitazameni hasa kumbukumbu za mfumo, yaani yale maandishi ambayo seva hujiandikia kila ombi linapoingia. Wataalamu hupenda kuzifungulia ziandike kila kitu wanapotafuta kosa, kisha kosa likipatikana wanasahau kuzirudisha. Mdhibiti wa data wa Uingereza alipochunguza udukuzi wa shirika la ndege la British Airways wa 2018, aligundua kuwa wavamizi walikuwa wameyafikia mafaili yenye taarifa za kadi zaidi ya 100,000 zikiwa maandishi matupu, bila kusimbwa. Chanzo kilikuwa kipengele cha majaribio ambacho hakikupaswa kuendelea kufanya kazi baada ya mfumo kuanza kutumika. Hakuna aliyekizima kwa miaka.

Kuhusu kadi, ushauri wangu ni mmoja tu: usiziguse. Acha namba ya kadi ipokelewe moja kwa moja na kampuni ya malipo yenye kibali, wewe ubaki na tokeni isiyomfaa mwizi popote pengine. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, kiwango cha usalama wa kadi za malipo cha PCI DSS kinakataza kuzihifadhi baada ya muamala kuidhinishwa, hata ukizisimba.

Kuna taarifa nyingine ambayo kampuni zetu huidharau, nayo ni maelekezo ya kufikisha mzigo. Miji yetu mingi haina namba za nyumba zinazotegemewa, kwa hiyo mnunuzi huandika: geti la kijani mkabala na msikiti, uliza duka la Mangi, nipo nyumbani baada ya saa kumi na moja, mchana yupo dada tu. Soma sentensi hiyo kwa macho ya mhalifu. Inamwambia nyumba ilipo, nani yuko ndani na saa ngapi. Hesabu za mauzo utazihitaji kwa ajili ya kodi, lakini maelekezo haya hayana kazi mzigo ukishapokelewa na muda wa kurudisha bidhaa ukipita. Weka mashine iyafute yenyewe kwa ratiba. Ukimwachia mtu akumbuke kuyafuta, hayatafutwa.

Ukurasa wa malipo ni eneo lenye sheria zake

Kila skripti unayoiruhusu kwenye ukurasa wa malipo ina uwezo wa kusoma kila herufi anayoandika mnunuzi. Haijalishi iliwekwa kwa kazi gani. Ticketmaster ya Uingereza iliweka kwenye ukurasa wake wa malipo chatiboti ya kampuni nyingine, Inbenta, ili kuwasaidia wateja. Wadukuzi waliichezea skripti ya chatiboti hiyo kwenye seva za Inbenta, na mwaka 2018 kadi za wanunuzi wa tiketi zikavuja kupitia humo. Novemba 2020 Ticketmaster ilitozwa faini ya pauni milioni 1.25. Utetezi kwamba kosa lilikuwa la kampuni nyingine haukuiokoa.

Wewe utaombwa vitu vya aina hiyo kila wiki. Mwenye duka atataka kihesabu wageni, kitufe cha mazungumzo, alama ya kufuatilia matangazo ya Facebook. Mruhusu kwenye kurasa za bidhaa. Kwenye ukurasa wa malipo mkatalie, na mfumo wenyewe umzuie, kwa sababu akishika simu kumlalamikia kijana wako wa huduma kwa wateja, kijana atalegea.

Tangu 31 Machi 2025, matakwa mapya ya PCI DSS toleo la 4 yanadai kila skripti ya ukurasa wa malipo iwe kwenye orodha, iwe na sababu iliyoandikwa, ihakikiwe kuwa haijabadilishwa, na mabadiliko yoyote yagunduliwe. Yafuate hata kama hakuna mkaguzi anayekudai. Kwa upande wa ufundi, tumia sera ya Content-Security-Policy kuiambia programu ya kuperuzi ni anwani zipi tu zinazoruhusiwa kuleta skripti na kupokea data. Kisha tengeneza mnunuzi wa bandia: programu inayoingia dukani kila siku, inaweka bidhaa kwenye kikapu, inafika malipo, na kurekodi skripti zilizopakiwa na anwani zilizotumiwa data. Leo ikilinganishwa na jana na tofauti ikaonekana, mtu aamshwe.

Nasisitiza anwani kwa sababu ndizo zilizoficha wizi wa British Airways. Mistari 22 ya msimbo ilichomekwa ndani ya maktaba ya kawaida iitwayo Modernizr, ikapeleka taarifa za kadi kwenye tovuti ya baways.com, iliyosajiliwa na wadukuzi na yenye cheti halali cha usalama. Alama ya kufuli ilionekana pale pale. Mtu anayepitisha macho angeona jina linalofanana na la shirika na kuendelea na kazi yake. Mashine yenye orodha ya anwani zilizoidhinishwa isingedanganyika.

Usiuamini ujumbe wa malipo kwa sababu tu umefika

Sehemu hii miongozo ya ng'ambo huiruka, na kwetu ndiyo inayoumiza zaidi. Mnunuzi akilipa kwa M-Pesa, anapata ombi kwenye simu, anaweka namba yake ya siri, kisha mtandao wa simu unatuma matokeo kwenye anwani ya seva yako. Programu inasoma kwamba malipo yamefaulu na oda inaanza kufungashwa. Sasa jiulize: kitu gani kinamzuia mtu mwingine aliyeijua anwani hiyo asitume ujumbe wenye umbo lile lile, wenye namba ya muamala aliyoibuni?

Katika mifumo mingi niliyosoma msimbo wake, jibu ni kwamba hakuna. Tiba yake haina gharama kubwa. Ujumbe ukifika, usiuhesabu kuwa malipo. Uhesabu kuwa dokezo. Uliza mwenyewe hali ya muamala huo kwa mtoa huduma kupitia kiolesura chake rasmi, kisha linganisha kiasi, namba ya biashara na namba ya oda. Hakikisha namba ya muamala mmoja haiwezi kulipia oda mbili. Fanya anwani ya kupokelea iwe ndefu isiyokisika, tofauti kwa kila duka, na ipokee tu kutoka kwenye seva za mtoa huduma. Mwenye duka anayetuma simu ya laki tano kwa malipo yasiyokuwapo hana wa kumlaumu ila wewe.

Waambie pia wauzaji wako, kwa maandishi makubwa ndani ya programu, wasikubali picha ya skrini kuwa ushahidi wa malipo. Waangalie salio lao au hali ya oda.

Ukuta kati ya duka na duka

Programu moja inayohudumia maduka mia tatu kwa kawaida huweka oda zote kwenye hifadhidata moja, na kinachotenganisha duka na duka ni sharti dogo katika kila swali: leta oda za duka hili tu. Mtaalamu mmoja akisahau sharti hilo mahali pamoja, ukuta umebomoka. Kosa la kawaida kabisa ni la ukurasa wa oda. Mnunuzi anafungua risiti yake, anaona anwani inaishia na 1045, anabadilisha iwe 1046, na risiti ya mtu mwingine inafunguka na jina, simu na geti la kijani. Hapo hakuna udukuzi wa kitaalamu. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuufanya kwa simu yake, na kwa programu fupi akavuna oda zote usiku mmoja.

Tengeneza maduka mawili ya majaribio. Ingia kama mwenye duka la kwanza ujaribu kuchukua kila kitu cha duka la pili: oda, orodha ya wateja, risiti za PDF, picha, matokeo ya utafutaji, mafaili ya kupakua. Mafaili ya kupakua yapimwe kwa makini zaidi, maana huko ndiko ukaguzi husahaulika. Majaribio haya yaandikwe kama msimbo na yaendeshwe kila toleo jipya linapotoka. Likivunja ukuta lisitoke. Hifadhidata kama PostgreSQL zina uwezo wa kuweka sharti la umiliki kwenye kila mstari wa jedwali, ili hata mtaalamu akisahau, hifadhidata yenyewe ikatae. Utumie.

Watu wenye funguo

Septemba 2020 Shopify ilitangaza kwamba wafanyakazi wake wawili wa huduma kwa wateja walihusika katika njama ya kuchukua kumbukumbu za mauzo za wafanyabiashara wasiofika 200. Hakuna mtambo uliovunjwa. Walikuwa na ruhusa ya kuona, wakaitumia vibaya.

Sikuambii uwashuku vijana wako. Nakuambia usiwabebeshe uwezo wasiouhitaji, kwa kuwa aliye na uwezo huo ndiye atakayefuatwa na mwenye fedha za hongo, na ndiye atakayeshukiwa data ikivuja hata akiwa hana hatia. Mhudumu aone oda ya mteja anayemsaidia wakati huo, si orodha nzima. Namba ya simu ionekane tarakimu za mwisho, na akitaka kuifungua yote aandike sababu. Kila anachofungua kiandikwe mahali ambapo yeye hawezi kufuta. Kupakua orodha nzima ya wateja kuwe na kibali cha mtu wa pili.

Kuna uvujaji mwingine usiopita hata kwenye mfumo. Asubuhi mtu wa oda anachukua orodha ya mizigo ya siku, majina na simu na maelekezo, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la waendesha bodaboda. Kundi lina watu arobaini, wengine waliacha kazi zamani. Kuwakemea hakutasaidia, kwa sababu kazi lazima iende. Wape njia iliyo rahisi kuliko WhatsApp: kiungo kwa kila mwendeshaji kinachoonyesha mizigo yake tu, kinachojifunga jioni.

Kwa akaunti za kampuni, uthibitishaji wa hatua mbili ni lazima kwa kila mtu, na usiwe wa ujumbe wa SMS. Matapeli wanaojua kumshawishi wakala wa laini abadilishe kadi ya simu ya mtu mwingine tunao, na wamekwisha kukomba akaunti za benki za watu wengi. Hawatashindwa na akaunti yako ya seva. Tumia programu ya tarakimu za muda au ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Wavamizi wa British Airways walianza kwa akaunti ya mfanyakazi wa kampuni ya mizigo iliyohudumia shirika hilo, akaunti isiyokuwa na hatua ya pili. Ndani wakakuta neno la siri la msimamizi mkuu limeandikwa wazi kwenye faili.

Nanyi mtayakuta maneno ya siri ya kwenu mkiyatafuta. Angalieni ndani ya hazina ya misimbo, pamoja na matoleo ya zamani, kwa sababu ufunguo uliofutwa leo bado unasomeka kwenye historia. Mwaka 2016 waliodukua Uber walipata funguo za hifadhi yake ya Amazon ndani ya hazina ya misimbo ya kampuni, wakachukua taarifa za watu milioni 57. Ufunguo uliowahi kuandikwa humo ubadilishwe. Kuufuta pekee hakutoshi.

Maneno ya siri ya wauzaji na wanunuzi yahifadhiwe kwa mbinu ya polepole kama Argon2 au bcrypt, na mtu akichagua neno lililokwisha kuvuja duniani akataliwe pale pale. Mpe pia mwenye duka uwezo wa kufungua akaunti kwa kila muuzaji wake, bila malipo ya ziada. Kampuni zinazotoza kwa kila akaunti huwasukuma wenye maduka kugawana neno moja la siri madukani mwao, na naliona hilo kuwa kosa la usalama lililoandikwa kwenye bei.

Viraka

Magento 1, programu ya maduka iliyotumika dunia nzima, iliacha kupokea viraka vya usalama mwisho wa Juni 2020. Septemba mwaka huo huo karibu maduka 2,000 yaliyobaki nayo yalivamiwa ndani ya mwisho mmoja wa juma. Programu iliyoachwa na mtengenezaji wake ihameni kabla ya tarehe.

Tukio la 2024 linafundisha zaidi. Adobe, wamiliki wa sasa wa Magento, walitoa kiraka mwezi Juni kwa kasoro iliyokuja kuitwa CosmicSting. Maduka mengi yalichelewa kukiweka. Mengine yaliweka, na bado yakaibiwa. Sababu ni kwamba kasoro ile ilimwezesha mvamizi kuchukua ufunguo wa siri wa duka, na aliyeuchukua kabla ya kiraka aliendelea kuutumia baada yake. Kwa hiyo kila unapoweka kiraka cha kasoro nzito, uliza swali la pili: kabla ya leo, kasoro hii ingempa mvamizi nini? Kama ni ufunguo, badilisha ufunguo. Kama ni nafasi ya kuongeza akaunti, hesabu akaunti za wasimamizi moja moja.

Nakala rudufu ziwekwe mahali ambapo akaunti ya kawaida ya msimamizi haiwezi kuzifuta, na kila baada ya miezi michache rudisheni moja hadi duka lifunguke.

Siku data itakapovuja

Andika mapema nani anaamua, nani anazungumza na wateja, nani anagusa seva. Namba zao za simu ziwe kwenye karatasi, maana barua pepe ya kampuni inaweza kuwa mikononi mwa mvamizi. Mtu wa kwanza kugundua asifute seva kwa hofu. Itengwe na mtandao, inakiliwe ilivyo, ndipo ianze kusafishwa. Ukifuta ushahidi hutajua ni oda za nani zilizosomwa, na utalazimika kuwatisha wote.

Saa zinahesabiwa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mwenye data, yaani anayeamua itumike kwa kazi gani, saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue kuhusu uvujaji unaoweza kuwadhuru watu. Kwa data za wanunuzi, mwenye data mara nyingi ni duka, na wewe ni mchakataji unayepaswa kulijulisha duka bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe bila kuchelewa, na inataka wakusanyaji na wachakataji wawe wamesajiliwa. Mkataba wako na kila duka useme mapema nani anamwambia nani, kwa njia gani.

Utashawishika kunyamaza. Uber walinyamaza: waliwalipa wadukuzi dola 100,000 na kulificha jambo hadi Novemba 2017. Mkuu wao wa usalama wa wakati huo, Joe Sullivan, alitiwa hatiani na mahakama ya Marekani mwaka 2022 kwa kuficha. Kampuni yako ni ndogo kuliko Uber, na kwa hiyo siri yake ina watu wachache wa kuitunza na wengi wa kuiona: mwenye duka mmoja akipigiwa simu na wanunuzi watatu waliotapeliwa kwa kutajiwa oda zao, atajua.

Andika ujumbe wa kuwajulisha wenye maduka leo, ukiwa na akili tulivu, uache nafasi za kujaza. Unaweza kuanza hivi: "Tarehe fulani tuligundua kwamba mtu asiyeruhusiwa aliingia kwenye mfumo wetu na kusoma oda za duka lako za kuanzia siku fulani hadi siku fulani. Alichosoma ni majina, namba za simu na maelekezo ya kufikisha mizigo. Hatuhifadhi namba za kadi wala namba za siri za M-Pesa, kwa hiyo hizo hakuzipata. Njia aliyopitia tumeifunga. Hapa chini kuna ujumbe wa kuwatumia wanunuzi wako." Usiandike kwamba usalama wa wateja ni kipaumbele chenu. Andika kilichosomwa, cha lini, na cha kufanya. Ile sentensi ya kadi utaweza kuiandika tu kama ulifanya kazi ya kupunguza iliyotajwa mwanzo.

Ujumbe wa wanunuzi uwe mfupi wa kusomeka kwenye SMS, na uwaeleze hatari iliyo mbele yao hasa. Atakayewapigia hatajitambulisha kama mwizi. Atasema anatoka kwenye duka, atataja jina lao, bidhaa waliyonunua na geti lao, kisha ataomba ada ndogo ya kuachilia mzigo au tarakimu zilizoingia kwenye simu. Waambie duka halitaomba kamwe kimoja kati ya hivyo, na uwape namba moja ya kupiga inayopokelewa na mtu. Iache ikipokelewa kwa miezi, kwa sababu orodha ya wateja ikishauzwa huuzwa tena, na simu za ulaghai huendelea muda mrefu baada ya seva zako kuwa salama.